UZI: Sonde ya sakafu ya joto: inawekwaje, inapimwaje, na inadanganya namna gani

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Jambo ndugu mafundi. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba iko njiani, usiku Lubumbashi joto litashuka chini ya nyuzi 10, na kazi za kupasha sakafu za bafu zimeanza kuingia. Nafungua uzi huu kwa ajili ya kitu kimoja tu: sonde, yaani kipima joto kinachofukiwa sakafuni. Kebo ya joto mafundi wengi wanaitandika vizuri. Sonde ndiyo inayotupwa dakika ya mwisho, fundi wa karo (vigae) akiwa ameshashika mwiko. Mwaka mmoja baadaye sakafu inapoa, na mwenye nyumba anaambiwa karo zivunjwe kwa sababu ya kiwaya chembamba kama cha chaja ya simu.

Sonde ni waya wa nyuzi mbili, mara nyingi wa mita 3, wenye kichwa cha plastiki kinene kama ncha ya kidole cha mtoto. Ndani ya kichwa mna NTC, yaani kipande ambacho ukinzani wake unashuka joto likipanda. Haina chanya wala hasi, nyuzi zote mbili ni sawa. Kazi yake ni kuiambia termostati (kifaa cha ukutani kinachowasha na kuzima kebo) sakafu ina joto gani, na kuizuia isipite kipimo. Kawaida za Ulaya zinaweka mwisho wa nyuzi 29 kwa chumba cha kukaa na 33 kwa bafu. Juu ya mbao wengi wa watengenezaji hawaruhusu zaidi ya 27 au 28.

Mahali pa sonde pachaguliwe kabla boksi la kebo halijafunguliwa. Kichwa kinakaa katikati ya mistari miwili ya kebo, umbali sawa kila upande. Kama mistari imeachana sm 8, kichwa kiwe sm 4 kutoka kila mmoja. Kiingie angalau sm 30 ndani ya eneo linalopashwa. Kisiwe karibu na bomba la maji moto, mlango wa nje, wala mahali jua la dirisha linapopiga. Kisiwe pia chini ya kabati au zulia, maana pale joto linanasa: sonde itasoma juu na bafu lote litabaki baridi.

Sonde haifukiwi kavu. Inakaa ndani ya gene (bomba la plastiki la kupitisha waya) ya mm 16. Kebo inakwenda na kurudi kama nyoka, na kila kona ina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Gene iingie kwa upande ulio wazi, hapo haitaikatiza kebo hata mara moja. Kama kazi ni ya mkeka mwembamba (kebo iliyokwisha kushikizwa kwenye wavu) juu ya beto (zege) la zamani, chonga mfereji wa mm 20 kwa 20 kwenye beto ili gene ilale chini. Gene ikiinuka juu ya kebo, karo itakalia nundu na itapasuka.

Pale sakafu inapokutana na ukuta, gene ipinde polepole, nusu kipenyo kisichopungua sm 6. Kona kali ndiyo kaburi la sonde: inaingia mara ya kwanza kwa nguvu, siku ya kuitoa haitoki. Mwisho wa gene ulio sakafuni uzibwe kwa kizibo au skochi (utepe wa kunata) nzuri tabaka tatu. Kola (gundi ya karo) ikiingia ndani na kukauka, gene haina maana tena.

Kabla ya kumwita mtu wa karo, isukume sonde mpaka mwisho, itoe yote, isukume tena. Ikikwama, paka poda ya talki. Ikiendelea kukwama, fungua gene uipange upya sasa, saa hii unapoteza dakika ishirini tu. Halafu piga picha yenye futi ikionekana, na uandike ndani ya kifuniko cha boksi la termostati: "kichwa cha sonde sm 45 kutoka ukuta huu, sm 60 kutoka mlango".

Ibanda_Umeme (Bukavu)

Aksanti mukubwa Katuba. Naongeza upande wa vipimo, kwa sababu bila multimeta hakuna kazi ya sonde.

Sonde inapimwa mara tatu: ikiwa bado kwenye mfuko, ikishaingia kwenye gene, na karo zikishakauka. Kila mara andika ukinzani pamoja na joto la mahali. Namba ya omu bila joto lake haisemi kitu. Kwa sonde ya 10 kΩ (omu elfu kumi) yenye B (namba ya jinsi omu zinavyoshuka joto likipanda) ya 3950, ambayo ndiyo inayokuja na termostati nyingi za sokoni kwetu, shikeni namba hizi:

10°C: kama 20.2 kΩ
15°C: 15.8
20°C: 12.5
25°C: 10.0
30°C: 8.0
35°C: 6.5
40°C: 5.3

Shika kichwa cha sonde ndani ya ngumi huku multimeta imeunganishwa. Namba inapaswa kushuka taratibu, bila kuruka. Ikiruka, kuna uzi umevunjika ndani. Na wakati wa kupima usiguse ncha zote mbili za multimeta kwa vidole, mwili wako nao unaingia kwenye hesabu.

Kebo ya joto nayo ipimwe mara tatu hizohizo. Mkeka wa m² 2 wa wati 150 kwa m² ni wati 300, basi 230 × 230 ÷ 300 = 176 Ω. Wengi wanakubali tofauti ya asilimia 5 chini hadi 10 juu. Halafu mega (kipima uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya waya za moto na ule wavu wa ardhi unaozunguka kebo: hesabu ya makumi ya megaomu kwenda juu ni nzuri, ikishuka chini ya megaomu 10 simamisha kazi. Sonde haipimwi kwa mega! Volti 500 kwenye NTC inaiua. Na termostati iwe imetolewa kabisa.

Jambo lingine ambalo watu wa Bukavu wanalijua: volti ya jioni. Nguvu ya kebo inakwenda kwa mraba wa volti. Plagi ikiwa na volti 170 badala ya 230, unapata asilimia 55 tu ya nguvu. Mkeka wa wati 300 unakuwa wa 164. Mteja anasema sonde imeharibika kwa sababu nyuzi zimekwama kwenye 21 saa tatu nzima, kumbe sonde inasema kweli. Pima volti wakati kebo inafanya kazi kabla ya kulaumu kitu chochote.

Karo_Himbi (Goma)

Baba zangu na kaka zangu, ruhusuni mtu wa karo aseme. Makosa mengi ya sonde yanatoka kwetu, tuyataje.

Mwiko wa meno ni kisu. Ukipitisha meno ya chuma juu ya mkeka unakata ganda la kebo, na waya wa sonde ukiwa umeachwa nje ya gene unaukata kabisa. Tumieni mwiko wa plastiki, au tandazeni kola ya kwanza kwa upande laini. Kola iwe ile inayonyumbuka, inayoandikwa C2 pamoja na S1. Kola ya kawaida itapasuka kwa kupanuka na kunywea, karo itaachana na chini na hewa itaingia. Hapo sonde inapima joto lililonaswa chini ya karo wakati juu ni baridi. Gonga karo kwa kifundo cha kidole: mlio wa chungu kitupu ndio huo.

Msiwashe haraka. Kwa kola fuateni maandishi ya mfuko, mara nyingi siku 7 hadi 14. Kwa shape (tabaka la kusawazisha) ya sima subirini siku 28. Mwenye nyumba anayetaka kukausha sima kwa kuwasha kebo anaipasua, na nyufa zikipita kwenye gene zinaivuta na kuibana sonde.

Halafu Goma ina jambo lake: chini ni mawe ya volkano ya Nyiragongo. Vyumba vingi sakafu imemwagwa juu ya kokoto za lava zenye matundu, bila nailoni. Unyevu unapanda. Wekeni nailoni nzito, halafu mbao za polistireni ngumu za mm 20 au zaidi, ndipo kebo. Bila hizo joto linakwenda kwenye jiwe. Sonde itasoma nyuzi 22 milele, na watu watabadilisha termostati tatu bure.

Fundi_Katuba

Mama Karo umegusa penyewe. Kwetu Lubumbashi polistireni ina adui mwingine, mchwa. Anatoboa njia ndani ya povu bila shida. Eneo la vichuguu litibiwe udongo kabla ya kumwaga, na kila tundu la bomba na gene lizibwe kwa sima.

Kenya_Elec (Lubumbashi)

Swali fupi kwa wakubwa. Duka limenipa termostati ya chapa moja na sonde ya chapa nyingine, waya zinafanana kabisa. Nifunge tu?

Ibanda_Umeme

Usifunge, leki yangu. Pima kwanza. Kwenye 25°C sonde za Warmup ni 10 kΩ, za OJ ni 12, za DEVI ni 15, za Eberle ni 33, za Ensto ni 47. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Angalia kinachotokea. Termostati inasubiri 10, wewe umefunga ya 15. Sakafu ikiwa 25, yenyewe inasoma 16, inaendelea kupasha. Mteja ameomba 28, sakafu inakwenda karibu na 38. Kwa karo nyayo zitaona joto la kukera. Kwa mbao au lino (zulia la plastiki) sakafu yenyewe imeharibika. Kinyume chake, sonde ya 10 kwenye termostati ya 12 itasoma 29 wakati sakafu iko 25, na itazima mapema. Hiyo haina hatari, ila mteja atakuwa analalamika baridi kila asubuhi.

Kanuni ya kukariri: omu nyingi ni baridi, omu chache ni joto. Kitu chochote kinachoongeza omu kinaifanya termostati ifikiri sakafu ni baridi, na itapasha zaidi. Hiyo ndiyo hatari. Kitu chochote kinachopunguza omu kinaifanya izime.

Baadhi ya termostati zina mpangilio wa kuchagua aina ya sonde. Tazama kwenye kijitabu kabla ya kurudi dukani.

Fundi_Katuba

Hapo kwenye omu nyingi nataka kukazia, kwa sababu ndipo moto unapozaliwa. Sonde iliyokatika kabisa si tatizo kubwa. Termostati nzuri inaona hakuna mzunguko, inaandika alama ya kosa na kuzima kebo. Iliyogusana nayo inaonekana, omu ni sifuri. Ya kuogopwa ni sonde iliyo hai nusu: kiungo kimeota kutu ya kijani, kimeongeza omu elfu tano au sita, na termostati inaamini. Haina namna ya kujua. Kwa hiyo viungo njiani visiwepo. Nunua sonde yenye urefu wa kutosha.

Ikibidi kurefusha, unaweza hata kufika mita 50 kwa kebo ya nyuzi mbili za mm² 0.75 au 1.5. Urefu wenyewe hausumbui, mita 20 za shaba ni kama omu moja au chini, na mbele ya elfu kumi si kitu. Kinachosumbua ni kiungo na jirani. Kiungo kichomewe kwa risasi, kifunikwe kwa mpira wa kunywea wenye gundi ndani, na kikae kwenye boksi linalofunguka, kamwe kisifukiwe. Kusokota na skochi hapana. Jirani: waya wa sonde usitembee kwenye gene moja na waya za 220, zikae mbali kadiri ukuta unavyoruhusu. Namba za joto zinazocheza 23, 26, 22, 25 bila sababu, mara nyingi ni huo ujirani.

Na jamani, waya wa sonde kwenye termostati nyingi hautengwi na laini ya moto. Kuran (umeme) ikiwepo usiuguse ukifikiri ni wa volti ndogo. Shusha dijonkta (swichi ya kukata umeme), hakikisha kwa kipima, ndipo ufungue.

Keshero_Kuku (Goma)

Nami nauliza: banda la vifaranga lenye kebo ndani ya sima, sonde iwekwe vilevile?

Ibanda_Umeme

Gene na kina ni vilevile, lakini usiiachie sonde ya sakafu iongoze peke yake. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi 33 hadi 35 pale walipo, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Juu ya sima kuna maranda sm 5, na maranda ni blanketi. Joto la sima na joto la kifaranga si kitu kimoja. Tumia sonde ya hewa kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, sonde ya sakafu ibaki kama mlinzi wa kiwango cha juu. Termostati nyingi zina hali tatu: hewa tu, sakafu tu, au hewa inaongoza na sakafu inalinda. Chagua ya tatu, lakini hakikisha sonde ya hewa ni ya nje yenye waya, maana ile iliyo ndani ya boksi ukutani haitawaona vifaranga. Waya utakaopita juu ya maranda uingie kwenye bomba gumu, panya wanapenda plastiki laini.

Karo_Himbi

Fundi Ibanda, sema pia juu ya ardhi. Hapa Goma watu wanapiga piki (fimbo ya chuma ya ardhi), inaingia sm 30, inagonga jiwe, wanaikata na kuifunika.

Ibanda_Umeme

Kweli mama. Wavu wa kebo lazima uende kwenye ardhi, na laini ipitie diferansiali (kikata umeme kinachoruka umeme ukivuja) ya 30 mA. Hilo halijadiliwi, hasa bafuni. Kwa mA 30, hesabu ya volti 25 mahali penye maji inakupa ukinzani wa ardhi usiozidi omu 833, na sisi tunatafuta chini sana ya hapo, 100 au chini. Juu ya lava piki moja haifiki. Waya wa shaba tupu wa mm² 25 ulazwe chini kabisa ya mtaro wa msingi, kuzunguka nyumba yote, ufunikwe kwa udongo wa mfinyanzi uliotoka nje ya jiwe, si kwa kokoto ya lava. Nyumba ikiwa imeshajengwa, chimba mtaro uani ufanye vivyo hivyo. Halafu pima kwa kipimo cha ardhi. Kubonyeza kitufe cha T kwenye diferansiali kunapima diferansiali yenyewe, hakupimi ardhi yako.

Delestaji (mgao wa umeme) nayo: kuran inaporudi inakuja na kishindo, na termostati inakufa kabla ya sonde. Weka kilinda volti kinachochelewesha dakika tatu. Wanaotumia konvertiseri ya betri (kigeuza umeme), mawimbi yawe safi. Yale ya ngazi kebo inayavumilia, lakini termostati nyingi ndogo zinapata umeme wao kupitia kapasita, na kapasita hiyo inachemka mpaka inakufa.

BelAir_Lushi (Lubumbashi)

Wakubwa, nina kosa hapa nahitaji akili zenu. Bafu la m² 3, mkeka wa wati 450. Termostati ni ya 10 kΩ, imewekwa nyuzi 25. Asubuhi kioo kinaonyesha 27 na haiwaki kabisa. Nimeweka kipima joto juu ya karo, kinasema 14. Kebo nimepima, omu 118. Mega safi. Je, termostati imekufa?

Fundi_Katuba

Kebo yako ni nzima, 117.6 ndiyo hesabu. Sasa tenganisha termostati na sonde. Shusha dijonkta, toa nyuzi mbili za sonde, na mahali pake funga rezista ya 10 kΩ, ile ya kahawia, nyeusi, machungwa. Washa. Kioo lazima kionyeshe 25, kikikosea nyuzi moja si neno. Ukiwa na ya 12 kΩ kitaonyesha 21, ya 8.2 kitaonyesha 29 na nusu. Ikiwa sawa, termostati haina kosa. Rezista iwe ya kupimia tu, usiiache hapo. Sakafu yenye rezista badala ya sonde haina macho, inaweza kupasha bila mwisho.

Halafu pima nyuzi za sonde zilizotolewa. Geuza ncha za multimeta, nyekundu pahali pa nyeusi, upime tena. Lete namba zote mbili.

BelAir_Lushi

Kwa rezista kioo kimeonyesha 25. Sonde: 9.2 kΩ. Nikigeuza ncha: 10.4, na inaendelea kupanda polepole nikiiangalia.

Ibanda_Umeme

Maji. NTC haijali upande, ukigeuza inatoa namba ileile. Namba ikibadilika kwa kugeuza na kutembea yenyewe, kuna unyevu kati ya nyuzi mbili, unafanya kazi kama betri mbovu.

Hesabu inakubali. Kwenye nyuzi 14 sonde nzima ni 16.6 kΩ. Wewe unaona 9.2. Maana yake kuna njia ya pembeni ya kama kilo-omu 20. Omu 9,200 ndiyo nyuzi 27, kama kioo kinavyosema. Termostati inaona sakafu imeshapita 25, kwa nini iwake? Hata unyevu mdogo unatosha: njia ya pembeni ya kilo-omu 100 tu inaongeza kama nyuzi tatu kwenye kioo.

Kuna kiungo ndani ya ukuta? Hasa upande wa bomba la mvua?

BelAir_Lushi

Mchoro wa zamani unaonyesha boksi dogo nyuma ya karo ya ukuta, sm 20 juu ya sakafu, upande wa bomba la mvua. Gene ipo mpaka hapo.

Fundi_Katuba

Basi una bahati, gene ikiwepo huvunji sakafu. Toa karo hiyo moja ya ukuta. Kata kiungo, upime upande wa sakafu peke yake. Ukipata kama 16 na nusu kwa nyuzi 14, na ukigeuza haibadiliki, sonde ni nzima. Lakini usiunge tena pale. Mahali hapo ni pa maji. Vuta sonde ya zamani itoke yote, na uingize mpya yenye waya mmoja mzima mpaka kwenye termostati. Kabla ya kuvuta funga uzi wa nailoni kwenye waya wa zamani, ubaki ndani ya gene ukusaidie kama mpya itakwama. Termostati yenyewe iwe nje ya bafu, au angalau zaidi ya sm 60 kutoka eneo la bomba la mvua.

Kenya_Elec

Na kama gene haikuwepo? Sonde imefukiwa ndani ya kola?

Ibanda_Umeme

Hapo kuna njia tatu, na nazipanga kwa ubora.

Kwanza tazama kama fundi wa kwanza aliacha sonde ya pili. Watengenezaji wengi wanashauri kufukia mbili pale gene isipowezekana, moja ikae bila kazi. Tafuta waya wa ziada uliokunjwa ndani ya boksi.

Ya pili ni kupita kwenye fuga ya karo (mwanya uliojazwa kati ya karo mbili). Lakini lazima ujue kebo iko wapi. Sakafu ikiwa baridi, washa dakika 15 hadi 20, pitisha kamera ya joto ya kuchomeka kwenye simu. Kama huna, futa sakafu kwa kitambaa kibichi na upige magoti utazame kwa mwanga wa pembeni: maji yanakauka kwanza juu ya kebo, unaona mistari myembamba iliyokauka ikijichora yenyewe. Weka alama kwa kalamu upesi, baada ya dakika chache sakafu yote inakauka. Chagua fuga iliyo katikati ya mistari miwili na inayoingia ndani sm 30 bila kuvuka kebo. Kwangua fuga kwa mkono, usitumie diski, kina kisipite unene wa karo. Tumia sonde ya kichwa chembamba, mm 4 au 5, uifunike kwa fuga mpya. Mega kabla, mega baada.

Ya tatu ni kuiweka termostati iongozwe na hewa tu. Kwa karo inavumilika kama nguvu ya mkeka haizidi wati 150 kwa m² na hakuna zulia. Kwa mbao, lino au parketi, kataa. Mteja akilazimisha, ondoa kebo kwenye laini, umwonyeshe nyuzi zilizokatwa.

BelAir_Lushi

Kiungo kilikuwa kimesokotwa na kufungwa skochi, ndani kijani kitupu na maji yanadondoka. Upande wa sakafu peke yake: 16.4 kΩ kwa nyuzi 14, kugeuza hakubadilishi. Sonde mpya imeingia mpaka mwisho, kioo kinasema 14, rele (swichi ya ndani ya termostati) imelia, kebo inavuta ampea 1.9.

Fundi_Katuba

Kwa volti ngapi?

BelAir_Lushi

221.

Fundi_Katuba

221 kugawa 118 ni 1.87. Ni yenyewe. Andika ndani ya kifuniko: tarehe, 16.4 kΩ kwa 14°C, omu 118, na kwamba sonde ni ya 10. Boksi la ukutani litoe kabisa, gene ipite bila mdomo, ndipo urudishe karo.